Goti la mchezaji lisivutwe uwanjani



Naomba niseme neno juu ya jambo linalowaumiza vijana wengi viwanjani, nalo ni namna tunavyowahudumia wanapoumia goti au bega.

Hapa kwetu Sola, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Simiyu, mavuno yakipita huanza mashindano. Timu hugombea dume la ng'ombe au mbuzi, na watu hujaa uwanjani. Katika mashindano hayo nilimwona binti mmoja wa netiboli akiruka kudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja, mwili ukageuka na unyayo ukabaki palepale. Alisikia goti likilia "ta!", akaanguka. Kabla ya saa mbili kupita goti lilikuwa limevimba kama boga. Akaletewa maji ya moto, akachuliwa, kisha mguu ukavutwa "urudi mahali pake". Nami nilikuwa mmoja wa waliomshika. Baada ya wiki mbili alirudi uwanjani, goti likamsaliti, akaanguka tena. Leo hawezi kuchuchumaa shambani kupalilia pamba. Tangu siku ile nimeuliza na kusoma, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ndugu wasomaji, ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana kama mkasi, na vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo vinavyopokea uzito wa mwili. Kano ya mbele hukatika zaidi mchezaji anapogeuka ghafla au kutua vibaya, hata kama hakuguswa na mtu. Wasichana huipata ajali hii mara nyingi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule.

Dalili zake zinaweza kutambuliwa na yeyote anayetazama kwa makini. Goti likivimba ndani ya saa chache, mara nyingi ni damu iliyovuja ndani, na kano huenda imekatika. Likivimba taratibu hadi kesho yake, huenda ni gegedu. Goti linalokwama lisinyooke lina kipande cha gegedu kilichojibana. Goti linalolegea mtu akishuka mteremko halina kano imara. Mganga aliyefunzwa hulikunja goti kidogo, akavuta mfupa wa muundi mbele kwa mikono yake, akapima kama unateleza kupita kiasi. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala mashine. Eksirei huonyesha mfupa uliovunjika, haionyeshi kano iliyokatika. Kwa hiyo mtu akiambiwa "picha ni safi", asidhani kwamba amepona.

Waganga wa Canada waliweka kanuni rahisi ya kujua nani apigwe eksirei ya goti. Asiyeweza kutembea hatua nne, au kukunja goti hadi pembe ya mraba, au anayeumia akibonyezwa pia ya goti au kichwa cha mfupa mdogo wa muundi kwa nje, apelekwe. Vilevile apelekwe aliyefikisha umri wa miaka 55.

Bega nalo lina hatari yake. Likitoka, mara nyingi hutokea kwa mbele. Bega hupoteza mviringo wake na mchezaji huushika mkono kwa mkono wa pili. Karibu na kiungo hicho hupita mishipa ya fahamu na ya damu. Wenzake wakimkanyaga kwapani na kuuvuta mkono kwa nguvu, wanaweza kuharibu mshipa wa fahamu au kuvunja mfupa uliokuwa mzima. Mganga hupima kwanza kama ngozi ya bega ina hisia na kama mapigo ya damu yapo kifundoni, ndipo alirudishe, kisha hupima tena. Kazi yetu sisi wa uwanjani ni kuufunga mkono kwa kanga ukae kifuani, na kutafuta usafiri.

Je, tufanye nini saa ile ile? Mchezaji atolewe, asirudishwe hata akililia. Goti lifungwe bandeji bila kukaza mno, mguu uinuliwe, na liwekwe kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungi kwa dakika 15 hadi 20. Kwa siku tatu za kwanza asichuliwe, asikandwe kwa maji ya moto, wala asinywe pombe, kwani hayo huongeza uvimbe na damu.

Wapo wanaokata tamaa wakisema kano ikikatika dawa ni kisu tu, na kisu ni cha wenye fedha. Si kweli. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana walioanza kwa mazoezi ya tiba hawakuhitaji upasuaji katika miaka miwili ya kwanza. Mazoezi ya kuimarisha msuli wa paja yanaweza kufanyika nyumbani, mradi mtaalamu ameonyesha njia. Wanaohitaji zaidi wapo Bugando kule Mwanza, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.

Lakini tiba yataka subira. Tarehe 1 Januari 2020 mshambuliaji wa Aston Villa, Wesley, aliumia kano ya goti, na mwezi huohuo klabu ikamsajili Mbwana Samatta wetu. Wesley, pamoja na utajiri wote wa Uingereza, alikaa nje zaidi ya mwaka mmoja. Sisi twamrudisha binti yetu baada ya wiki mbili!

Kinga nayo ipo. Utafiti wa Norway wa mwaka 2008 kwa wasichana wanaocheza mpira ulionyesha kwamba mazoezi maalumu ya kupasha mwili moto, ya dakika 20 tu, yalipunguza majeraha kwa karibu theluthi moja. Hayahitaji kifaa ila mpira na kiwanja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, walimu wa michezo wafundishwe huduma ya kwanza kabla ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Pili, mhudumu wa afya wa kijiji aalikwe kila penye mashindano. Tatu, waandaaji watenge sehemu ya viingilio kwa ajili ya majeruhi. Tunachinja dume kwa ajili ya washindi, ilhali aliyeumia hakosi nyama tu, hukosa hata nauli ya kwenda hospitali.

Kwa mkulima, goti ni jembe. Tusilivunje kwa mikono yetu wenyewe.

Mpenda Michezo,
Sola, Simiyu.