Sakafu ya Mbao Isibanwe Ukutani

Wavuvi wa Nchelenge na Kashikishi, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru nchini Zambia, hawahitaji kufundishwa kwamba mbao hutanuka. Mashua ya mbao iliyoachwa mchangani kiangazi kizima hufanya nyufa. Irudishwapo majini huvuja, kisha mbao hunywa maji, huvimba, na nyufa zikajifunga zenyewe. Jambo hilo hilo limsaidialo mvuvi ndilo limtialo hasara askari mstaafu aliyetumia sehemu ya kiinua mgongo chake kutandika sakafu ya mbao katika nyumba iliyo karibu na ziwa.

Sakafu inayozungumzwa hapa ni ile inayoelea, yaani mbao zilizoungwa kwa ulimi na mfuo, zikalazwa juu ya sakafu ya saruji bila kupigiliwa wala kugandishwa chini kwa gundi. Hutulia kwa uzito wake tu. Mvua zianzapo, yapata Novemba, hewa hujaa unyevu na sakafu hutanuka. Kati ya Mei na Oktoba hunywea. Ikiwa imegusa kuta za pande zote haina pa kwenda ila juu. Ndipo katikati ya chumba huinuka kama mgongo wa kobe, mlango ukakwama, na mwenye duba akalaumiwa kwa kuuza mbao mbovu, kumbe mbao hazina hatia.

Kinga yake ni kuacha nafasi ya milimita 10 hadi 12 kuzunguka chumba chote, pamoja na kwenye miimo ya milango na mabomba. Kabari zilizotumiwa kushikilia nafasi hiyo wakati wa kutandika zisisahauliwe humo. Nafasi hiyo haipendezi macho, tena hukusanya vumbi na mende. Ndiyo sababu huja skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka ukuta kwa chini.

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Skatingi hushikizwa ukutani, kamwe si sakafuni. Msumari mmoja uliopigwa kwa mshazari ukapenya hadi kwenye sakafu huifunga mahali hapo, na sakafu iliyofungwa haielei tena. Fundi mwangalifu huweka kipande cha karatasi ngumu juu ya sakafu, hukalisha skatingi juu yake, huikaza, kisha huchomoa karatasi. Ukuta wa matofali ya kuchoma aghalabu humeguka ukipigwa msumari, kwa hiyo heri kutoboa, kutia plagi na kukaza skurubu kila baada ya sentimita 60 hivi.

Unene wa skatingi usipungue milimita 15, na zaidi ikiwa sakafu imetandikwa wakati wa mvua. Mbao zilizolazwa Februari zimekwisha vimba. Ifikapo Agosti zitanywea, na skatingi nyembamba itafunua pengo. Mninga, ambao Zambia huitwa mukwa, hutanuka na kunywea kidogo kuliko msonobari, lakini hata huo hausamehewi nafasi yake. Mbao za namna yoyote zilazwe ndani ya chumba chenyewe siku mbili au zaidi kabla ya kazi kuanza, zizoee hewa ya hapo.

Katika nyumba ya zamani ambamo skatingi imekwisha tiwa saruji, kuing'oa ni kubomoa lipu. Yatosha kuacha nafasi mbele yake, kisha kuifunika kwa kijiti chenye umbo la robo duara, nacho kipigiliwe kwenye skatingi ile ile, si chini.

Kona za nje hukatwa nyuzi 45 kila upande. Za ndani ni udhia zaidi, kwani kuta chache hukutana sawasawa kwa guni. Huko ubao mmoja husukumwa hadi konani, na wa pili huchongwa mwishoni kwa kufuata umbo la ule wa kwanza. Hivyo kiungo hakitafunuka upesi kiangazi.

Mlangoni, mwimo wa mbao hukatwa chini kwa msumeno uliolazwa juu ya kipande cha sakafu hiyo, ili ubao upite chini yake. Kati ya chumba na chumba huwekwa utepe wa mbao au wa alumini, na skurubu zake hupita katika nafasi iliyoachwa hadi kwenye saruji, bila kugusa sakafu ya upande wowote.