Bewick si ndege tu

Ndege waliochongwa na mchongaji wa picha za kuchapwa Thomas Bewick wanastahili sifa zote, lakini karakana yake pale Newcastle, Uingereza, iliishi kwa kazi ndogondogo: mihuri, vichwa vya ankara, maandishi kwenye vyombo vya fedha, na vile vikaratasi vyenye jina la mwenye kitabu vinavyobandikwa ndani ya jalada. Aliingia huko mwaka 1767, kijana wa miaka 14, kujifunza kazi kwa Ralph Beilby. Baadaye wakawa washirika.

Ufundi wenyewe ndio unaonivutia. Badala ya ubao uliopasuliwa kufuata nyuzi, alichonga uso wa gogo lililokatwa kwa kukingama, la mti mgumu mno, kwa kalamu ya chuma kama ya wachongaji wa shaba. Njia hiyo hakuibuni yeye, ila aliifikisha mbali. Kila mkwaruzo hutoka mweupe kwenye karatasi, hivyo alikuwa akichora mwanga. Na kipande kilikuwa na kimo sawa na herufi za risasi, basi picha na maneno vikachapwa kwa mkupuo mmoja. Bamba la shaba lilidai mashine yake peke yake. Hapo gharama zilishuka.

Katika juzuu mbili za kitabu chake cha ndege, History of British Birds (1797 na 1804), mimi huanza na vijipicha vya kujazia nafasi: msafiri aliyelowa mvua, mtu anayekojoa ukutani. Mwandishi Charlotte Brontë alimpa Jane Eyre, mhusika mkuu wa riwaya yake yenye jina hilo, kitabu hicho katika sura ya kwanza, na vijipicha hivyo ndivyo vinavyomteka mtoto yule.