Kitenge cha Somo

Kila mwaka, sikukuu ya somo wa jumuiya ikikaribia, sisi wa Chimwaga huchangishana fedha za kitenge, pilau na keki. Mchango wa wagonjwa hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini. Huko si kumheshimu mtakatifu. Ni kujisherehekea wenyewe.

Tumtazame Mwenyeheri Irene Stefani, Sista wa Consolata. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi huko Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Ni vita ile ile iliyochukua vijana, nafaka na ng'ombe wa Ugogo, ikatuachia njaa ya Mtunya. Wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maradhi. Irene aliwaosha, akawalisha, akakaa nao. Mwaka 1930, akiwa na miaka 39, alikufa kwa tauni baada ya kumhudumia mgonjwa huko Gikondi, Kenya. Mwaka 2015 alitangazwa Mwenyeheri huko Nyeri.

Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya masista. Katika Mathayo 25 Bwana anawahukumu watu wote, si masista peke yao. Wengine wanasema uwele haukukomaa, hatuna kitu. Mbona fedha za kitenge zilipatikana?

Basi mwaka huu tuvae nguo tulizo nazo. Fedha za sare zinunue sabuni na unga wa uji, twende wodini tukakae na mgonjwa asiye na ndugu. Somo wetu atatutambua hata bila sare.