Siku Moja na Mwanafunzi wa Nanjing Ilinifunga Mdomo

Wacha niseme ukweli hata kama unaniaibisha. Nilienda China na orodha ya vitu vya kurekodi: treni ya kasi, majengo marefu, chakula cha ajabu. Watu hawakuwa kwenye hiyo orodha. Kisha binamu yangu anayesoma Nanjing akaniunganisha na mwanafunzi mwenzake, msichana wa miaka 21. Akaniambia, "Zunguka na huyu siku moja tu." Nikakubali shingo upande.

Tulianza asubuhi na supu ya damu ya bata. Damu yenyewe imegandishwa, imekatwa vipande, inaogelea na tambi nyembamba na maini. Nikaiangalia kama dakika mbili hivi. Halafu nikakumbuka mimi ni mla mutura, najifanya nini? Nikala. Tamu, bana.

Wakati wa kulipa akaskani tu kwa simu. Hapo nikapata nafasi ya kujigamba: nikamwambia sisi tuko na M-Pesa tangu 2007, na WeChat ilianza malipo 2013. Akashtuka. Alidhani kwetu bado ni noti na sarafu. Nikavimba kichwa kidogo.

Kisha tukapanda ukuta wa mji. Ulijengwa enzi za Ming, zaidi ya miaka 600 iliyopita, na karibu kilomita 25 bado zimesimama. Akanionyesha matofali yenye maandishi. Kumbe ni majina ya waliotengeneza na maafisa waliosimamia, ndio tofali likiwa bovu ijulikane nani aulizwe. Nikawaza barabara ya mtaa wetu, ile inayobebwa na mvua ya kwanza. Sitaongeza neno.

Sasa tukiwa huko juu, mzee mmoja akaja na simu mbele, akanipiga picha bila kuuliza. Alikuwa wa tatu siku hiyo. Nikawaka. Nikamuuliza yule msichana, "Watu wenu wana adabu gani?" Hakubishana. Alimfuata mzee, wakaongea, picha ikafutwa, mzee akaomba radhi. Kisha akanirudia akauliza kwa upole: "Na Mchina akipita mtaani kwenu, watu hufanya nini?"

Manze, nilinyamaza.

Kwa sababu nilikumbuka tulipokuwa shule ya msingi na barabara ikijengwa karibu na kwetu. Kulikuwa na Mchina mmoja pale. Tulimfuata kila jioni tukiiga Kichina chake kwa kelele, tukimuuliza kama anakula mbwa, tukicheka hadi machozi. Alikaa miezi mingi. Hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Nikamwambia huyo msichana yote. Alicheka, lakini kile kicheko cha mtu ambaye hajafurahia.

Jioni tukakaa kwenye ngazi za hosteli yao. Wanalala wanne chumba kimoja na mlango hufungwa saa tano usiku. Anasomea uhasibu, na anaogopa kumaliza. Juni 2023, ukosefu wa kazi kwa vijana wa mijini wa miaka 16 hadi 24 ulifika asilimia 21.3, kisha serikali ikaacha kuchapisha hiyo takwimu kwa miezi kadhaa. Vijana wa huko hata wana neno lao, tang ping, yaani kulala chali: umechoka na mashindano, unaamua kutokimbia tena. Yeye hawezi kulala chali, ni mtoto wa pekee. Wazazi wanamwangalia yeye tu. Kwetu tuko watano, lakini wimbo wa mama ni uleule: tumekusomesha kwa shida. Bahasha ya kaki ya vyeti haina uraia, wasee.

Msimamo wangu ni huu. Tukiongea kuhusu China tunachagua moja kati ya mbili: ama ni wadai wetu waliotukalia shingoni, ama ni watu wa miujiza waliotuacha mbali. Maswali ya madeni na SGR tuyaulize, tena kwa sauti, lakini tuwaulize waliotia sahihi. Binti anayetafuta kazi ya uhasibu Nanjing hakutia sahihi chochote. Na kupigwa picha kama twiga bado ni kukosewa heshima, hapo sirudi nyuma. Shida ni kwamba mimi nilikuwa nadai heshima ambayo sijawahi kumpa yule jamaa wa barabara.

Nilirudi na video nne za treni. Bado sijazipost, na hakuna haraka.

Sasa wewe: yule Mchina wa mjengo ama wa duka la mtaani kwenu, anaitwa nani? Kama hujui, kesho anza na "habari yako." Huenda akakujibu kwa Kiswahili kuliko chako.