Mvinyo Unaong'aa

Mpwa wangu alikatwa mshahara kwa sababu ya tafsiri mbovu. Naanza na hilo mapema, nisije nikaambiwa kwamba nabishana juu ya vinywaji kwa kukosa kazi ya kufanya.

Kijana huyu anafanya kazi kaunta ya vinywaji katika hoteli moja ya pwani ya Unguja. Msimu ulipoanza, wahudumu waligawiwa kadi ngumu zenye picha, kila kadi na kokteli yake, maelezo kwa Kiswahili, eti kuwarahisishia kazi. Moja ilikuwa ya kinywaji cha rangi: mabonge matatu ya barafu ya matunda, jekundu, la njano na la kijani, yakielea ndani ya glasi ndefu ya mvinyo wa mapovu. Picha ilipendeza. Maelezo yalikuwa mistari minne: "Elea mabonge matatu. Juu na mvinyo unaong'aa. Pamba. Tumikia mara moja."

Hebu soma tena. Mvinyo unaong'aa. Jamani, mvinyo gani hauong'ai, glasi ikiwa safi na taa zikiwaka? Mpwa wangu, ambaye pombe hajawahi kuionja, alifungua jokofu akachagua ule uliong'aa kuliko yote: mweupe, mtulivu, hauna povu hata tone, na wa bei. Akajaza glasi sita za meza moja. Glasi sita zikarudi. Chupa ikaandikwa jina lake, na mwisho wa mwezi hela ikakatwa.

"Mjomba," aliniambia, "mimi nilifuata kadi."

Na kweli aliifuata. Asiyefuata kitu ni aliyeiandika. Huyo aliona neno la Kiingereza ambalo, likisemwa juu ya almasi, ni kumetameta, na likisemwa juu ya mvinyo, ni kutoa povu. Akachukua la almasi akaondoka. Hakujiuliza chupani mna nini. Hakuwaza kwamba kuna mtu atasimama mbele ya jokofu na kadi ile mkononi, mgeni akisubiri.

Kilichonikera zaidi ni hukumu iliyofuata. Kadi zikakusanywa, zikarudishwa za Kiingereza, na wahudumu wakaambiwa kwamba mambo haya Kiswahili hakiyawezi. Nilipowasimulia rafiki zangu wa vitabu, watu wanaoandika na kuhakiki, nilitegemea wakasirike pamoja nami. Nusu yao walicheka, wakakubaliana na hoteli. Kiswahili, walisema, kina tenzi, kina riwaya, kina falsafa. Kokteli ina lugha yake. Iacheni.

Hao ndio ninaowaandikia leo, si hoteli.

Tuanze na maneno, maana ndiko mnakokimbilia. Mnasema hatuna. Barafu ile ya matunda Wafaransa na Waingereza huiita kwa jina walilolipata kwa Waitaliano, sorbetto. Waitaliano walilipata kwa Waturuki, na Waturuki walilipata katika neno lenye shina la Kiarabu la kunywa. Ni shina lile lile lililotupa sisi sharubati. Yaani mnaona haya kuita kitu kwa jina lililo nyumbani mwenu, mnasubiri lizunguke Ulaya ndipo mlipokee kama mgeni. Na mvinyo? Mreno alituachia mvinyo, Mfaransa akatuachia divai. Tuna majina mawili ya kitu ambacho wengi wetu hatukinywi. Umaskini uko wapi?

Lakini nomino si hoja yangu kubwa. Nomino hukopwa. Ukikosa jina la kokteli, sema kokteli, hakuna atakayekufungia jela. Mapishi hayajengwi kwa nomino, yanajengwa kwa vitenzi. Na hapo ndipo kadi ile ilipoanguka, hapo ndipo lugha yetu ina mali mpaka inatia wivu.

Kusaga si kupaaza, na kupaaza si kutwanga. Kuponda ni kingine, kufikicha ni kingine. Kukoroga kunafanywa na mwiko, kupekecha kunafanywa na viganja viwili vikizungusha kijiti, na aliyewahi kumwona bibi akipekecha hahitaji kuelezwa tofauti. Maji huganda, barafu huyeyuka, unga huumuka, maziwa hufoka yakiachwa motoni. Halafu kuna viambishi vyetu vya mwisho wa kitenzi. Ukimimina, umemimina tu. Ukimiminia, kuna kitu kinachopokea. "Miminia mvinyo juu ya barafu": silabi moja imeshasema kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Kadi ikasema "Juu na." Juu na nini? Kiswahili cha wapi hiki? Na "elea" ile, kwani mhudumu ndiye anayeelea? Kitu huelea. Mtu hukieleza. Kitenzi kipo katika makamusi, kimeachwa kiote kutu.

Hili si tatizo letu peke yetu, na halikuanza leo. Mapovu yale ya mvinyo na barafu ile ya matunda vina mkutano wa siku nyingi Venice na mkoa wa Veneto unaouzunguka mji huo. Huko wana kinywaji kiitwacho sgroppino: barafu ya limau iliyopigwa pamoja na prosecco, mvinyo wa mapovu wa huko, na mara nyingi vodka kidogo, mpaka vyote viwe povu laini. Hakina rangi tatu. Ni cheupe, basi. Hupewa walaji katikati ya samaki na nyama, au mwisho wa chakula. Na jina lake limetoka katika kitenzi: kufungua fundo. Ni kinywaji cha kulegeza fundo la tumbo baada ya shibe. Mswahili angekiita kifundua na kila mtu angeelewa, hasa sisi tunaojua kwamba fundo halikai tumboni tu, hukaa na moyoni.

Sasa sikilizeni habari za nchi iliyotoa jina hilo. Italia iliungana kuwa nchi moja mwaka 1861, wakati huo wananchi wake wengi wakizungumza lahaja za kwao, na meza za wakubwa zikizungumza Kifaransa. Supu ilikuwa na jina la Kifaransa, mchuzi hivyo hivyo. Mwaka 1891 mzee mmoja, Pellegrino Artusi, mfanyabiashara mstaafu wa miaka 70 hivi, alichapisha mjini Florence, kwa fedha zake mwenyewe, kitabu cha mapishi 475 kwa Kitaliano kilichonyooka. Aliyakebehi maneno ya Kifaransa ya jikoni na kuyaeleza kwa lugha ya nyumbani. Wasomaji wakamwandikia barua, wakamtumia mapishi yao, akayajaribu, akayaongeza. Hadi anafariki mwaka 1911 kitabu kilikuwa kimefikia mapishi 790. Baadaye msomi Piero Camporesi alidai kwamba kitabu hicho kilifanya kazi kubwa zaidi ya kuwaunganisha Waitaliano kuliko riwaya mashuhuri ya Manzoni. Unaweza kubisha. Lakini angalia ni msomi wa fasihi aliyesema hivyo, na alikisoma kitabu cha mapishi kama kitabu.

Sisi je? Tunahakiki diwani ya kurasa 60 ambayo wameisoma watu 40, tukimhesabia mshairi mizani moja moja. Maelezo yanayosomwa na maelfu, ya kupika, ya kutumia dawa, ya kuwasha jenereta, tunamwachia yeyote mwenye kompyuta na haraka. Halafu yakiharibika tunasema lugha imeshindwa. Lugha haikuitwa hata kwenye kikao!

Najua nitakayoambiwa. La kwanza: Kiswahili ni lugha ya watu wa dini, na habari za pombe zibaki kwa lugha za wenyewe. Naheshimu sana anayejiepusha, nami mwenyewe si mnywaji. Lakini lugha iliyo na tembo la mnazi, ulanzi na mbege haiwezi kujifanya haijui kinachoendelea vilabuni, na Dodoma wanalima zabibu na kukamua mvinyo mchana kweupe. Tena asiyekunywa ndiye anayehitaji maelezo sahihi kuliko wote. Mpwa wangu angekuwa mlevi asingekosea. Ulimi wake ungemwambia. Yeye alikuwa na maneno tu ya kumwongoza, na maneno yakamtupa.

La pili: wageni wenyewe wanasema Kiingereza, kwa hiyo na kadi ziwe za Kiingereza. Mgeni hasomi kadi ya kaunta. Anayeisoma ni kijana aliyetoka Makunduchi au Micheweni, anayehesabu na kuota kwa Kiswahili. Kumnyima maelezo kwa lugha yake, kisha kumkata mshahara kwa kutoelewa, ni dhuluma. Sina neno laini zaidi.

Basi nisiishie kulalamika. Nilimwomba mpwa wangu tukae pamoja siku yake ya mapumziko, tuandike kadi ile upya. Yeye anajua mikono inavyokwenda, mimi najua sentensi. Mvinyo hatukununua, tulijaribia maji ya soda, ambayo nayo yana povu lake. Hiki ndicho tulichopata:

"Sharubati ya barafu: saga nyama ya embe gramu 500 pamoja na sukari gramu 100, maji mililita 100 na maji ya ndimu moja. Gandisha. Kila baada ya nusu saa ivuruge kwa uma, ili isiwe jiwe, mpaka ishike. Ya pili tengeneza vivyo hivyo kwa tunda jekundu.

"Tia glasi kwenye jokofu. Mvinyo uwe wa mapovu, ule ambao kizibo chake kimefungwa kwa waya, na uwe baridi sana. Chota bonge dogo la embe na bonge dogo la jekundu, yatangulize ndani ya glasi. Inamisha glasi, miminia mvinyo polepole ubavuni mwake mpaka ufike nusu. Povu litapanda. Subiri litulie. Kisha ongeza, ukibakisha vidole viwili kutoka ukingoni. Usikoroge. Mpelekee mgeni sasa hivi pamoja na kijiko. Kwa asiyetumia pombe, tumia maji ya soda na maji ya zabibu, njia ni ile ile."

Kila neno pale lina sababu. Tumesema "waya" kwa sababu mtu huuona waya hata kama hajui prosecco ni nini, na mvinyo mtulivu hauna haja nao. Tumesema "subiri" kwa sababu uso wa barafu una chembechembe, na gesi iliyofungwa ndani ya mvinyo inapata pa kutokea kwa kishindo. Usiposubiri, inafoka mezani. Bonge la kijani tumeliondoa, na hapo tumebishana na picha yenyewe. Barafu huelea, lakini ikiyeyuka, sharubati yake nzito ya sukari huzama, na rangi hukutana chini. Nyekundu na njano zikikutana hutoa rangi ya machungwa, inapendeza. Ukiongeza kijani, dakika kumi baadaye glasi ina rangi ya maji ya mtaro. Picha ilipigwa kabla ya dakika hizo kumi. Maandishi ya kweli lazima yafike mpaka dakika ya kumi na moja, mgeni anapotazama anachokunywa.

Huo ndio uhakiki ninaoudai. Shairi baya linamwumiza nani? Msomaji anapiga miayo, anafunga kitabu. Mapishi mabaya yanajulikana jioni ile ile, na anayelipa si mwandishi. Mtunzi wa maelezo ana mtihani ambao sisi wengine tunaukwepa maisha yetu yote: kuna mtu atatenda alichoandika, hatua kwa hatua, na kitu ama kitatokea ama hakitatokea. Ndiyo maana nasema kazi hii isiachwe kwa wenye haraka. Mwenye kujua vitenzi aingie jikoni, aingie kaunta, aingie zahanati, akae na mwenye kujua kazi, waandike pamoja, kisha wajaribu kabla ya kuchapa.

Kadi yetu mpwa wangu aliipeleka kazini. Haikupokelewa rasmi, na hela yake haikurudi. Lakini aliibandika ndani ya mlango wa kabati la glasi, mahali ambapo mgeni hafiki. Wiki iliyopita aliniambia wenzake wanne wameshaipiga picha kwa simu zao, na mmoja amemwuliza kama mjomba wake anaweza kuandika na ile ya kahawa.

Nimemwambia aje Jumapili, na aje na huyo mwenzake.