Si Dawa, Si Kichekesho

Harusi za huku kwetu Bomet hazikosi mtu huyu: mtu mzima mwenye usonji au ulemavu wa akili, muziki ukianza yuko uwanjani na hatoki. Simu zinatolewa. Watu wanacheka, video inapanda mtandaoni, ati "ona huyu". Kisha shangazi fulani anamshika mkono na kumrudisha kwenye kiti, polepole, kama mtoto.

Binamu yangu ana miaka 29 na ana sindromu ya Down. Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani kuandikia watu makala, yeye ndiye niliyekuwa nikishinda naye mchana. Wengine wako kwenye majani chai. Shule maalum aliiacha alipokuwa mkubwa, na tangu hapo hakuna aliyempangia kitu. Redio ikipiga wimbo wa Kikalenjin anasimama. Mabega kwanza, halafu shingo, halafu anaruka. Kuna wimbo mmoja anaoukataa kabisa. Ukipigwa, anaketi na kukunja mikono mpaka uishe. Huo ni uamuzi wa mtu mzima, na sijaona akiulizwa mwingine. Hata shati anachaguliwa.

Wako pia wale wema, wanaosema densi ni tiba. Sawa, wengi wenye Down wana misuli legevu na kucheza kunasaidia. Lakini mimi nikienda klabu Kericho, nani huniuliza natibu nini? Mbona furaha yake iandikiwe na daktari?

Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis pale Kapkatet wakimwimbia Chemirocha, nusu mtu nusu swara, wakimwalika aruke nao mpaka nguo zimtoke. (Jina lenyewe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani, lilivyosikika kwa masikio yetu.) Yaani nusu swara wa kigeni alipata nafasi uwanjani, jirani yetu akose!

Na hii si hisani. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 30 kinataka wapewe nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na ya jamii nzima.

Kwa hivyo nyinyi wenye vikundi vya densi, acheni kumpa wimbo mmoja wa huruma mwisho wa hafla. Mpeni ratiba ya mazoezi. Akikosea hatua, mrudisheni mwanzo kama mnavyorudishana. Na akisema wimbo wenu ni mbaya, badilisheni, ama mbishane naye.