Punda Mpole Hupatikana kwa Subira

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa kijijini mkoani Manyara. Ana umri wa miaka 46, maji yako mwendo wa saa nzima, na mgongo umeanza kumsumbua. Zamu yake ya kupokea fedha za kikundi imefika, naye anataka kununua punda. Lakini hajawahi kufuga mnyama mkubwa kuliko mbuzi, na majirani wanamtisha kwamba shukrani ya punda ni mateke. Anauliza: punda mpole nitamtambuaje?

Swali hili linahusu mifugo, na linahusu afya pia. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20, mbali na dumu lenyewe. Sisi wauguzi huwapokea zahanati akina mama wenye maumivu ya shingo na kiuno, na wengine ambao kizazi kimeshuka kwa sababu walirudia mizigo mizito mapema baada ya kujifungua. Mnyama mmoja mtulivu aweza kumpumzisha mama wa namna hiyo kwa miaka mingi. Mnyama mkali naye aweza kumvunja mguu siku ya kwanza.

Kwanza tuelewe tabia yake. Farasi akiogopa hukimbia, lakini punda akiogopa husimama kwanza apime hatari. Watu huita huo ukaidi, wakamchapa, na hofu ikazidi. Jambo la pili, punda huficha maumivu. Anayesimama ameinamisha kichwa, hajali majani wala watu, huenda ni mgonjwa. Upole wa kweli una masikio yanayogeuka kukusikiliza, macho maangavu na hamu ya kula.

Sasa, dada mpendwa, fuata hatua hizi.

1. Usianzie mnadani. Pale mnyama ana kiu, amechoka na amezungukwa na kelele. Hutajua tabia yake. Ulizia vijiji vya jirani, hasa familia ambayo wanawake na watoto ndio wanaomswaga punda kisimani. Mzoefu wa sauti za wanawake hatakushangaa.

2. Chagua umri na jinsia. Anayeanza achukue jike au dume aliyehasiwa. Dume asiyehasiwa akinusa jike aweza kukuburuza. Tazama meno ya mbele: ya ukubwani huota jozi kwa jozi, tangu miaka 2 na nusu, na kinywa hukamilika akifikia kama miaka 5. Wa chini ya miaka 4 asibebeshwe mizigo mizito. Usimkatae wa miaka 10, kwani akitunzwa huweza kuishi zaidi ya miaka 25, naye keshajua kazi. Kwa jike, uliza kama ana mimba. Yeye huibeba kwa muda wa mwaka mmoja hivi.

3. Mjaribu mara mbili, siku tofauti. Mwambie mwenyewe amkamate, amfunge, amtandike na kumpakia mbele yako. Kisha fanya wewe. Mkaribie upande wa bega, ukisema naye, usitokee nyuma kamwe. Mpapase shingo, mgongo, tumbo na miguu. Inua kwato moja moja. Mtembeze barabarani pikipiki zinapopita, na umtenge kidogo na wenzake. Akisita kisha akakufuata, hiyo ni dalili njema. Akilaza masikio nyuma na kukugeuzia makalio, mshukuru mwenyewe uende zako.

4. Mchunguze mwili. Ondoa tandiko utazame kama kuna vidonda. Nywele nyeupe mgongoni mara nyingi ni kovu la kidonda cha zamani. Hesabu pumzi ubavuni akiwa ametulia: mkubwa huvuta mara 12 hadi 28 kwa dakika. Joto lake la kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.8, karibu sawa na letu. Bwana mifugo akiweza kuja nawe, ni bora zaidi.

5. Pata maandishi. Mlipe mbele ya mtendaji wa kijiji, pate hati yenye majina, tarehe na alama za mnyama. Wizi wa punda uliongezeka kwa sababu ya biashara ya ngozi zinazopelekwa China kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Kwa jirani zetu wa Kenya, sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8, na ile ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuuzuia barani kote. Usinunue mnyama asiye na mwenyewe anayejulikana, hata akiwa wa bei ya chini kiasi gani.

6. Asikae peke yake. Punda hushikamana na mwenzake, na akitengwa huhuzunika hata kuacha kula. Kama fedha hazitoshi wawili, patana na jirani mwenye punda walale pamoja.

Akifika nyumbani, mpe siku chache bila kazi. Mwonyeshe maji, kivuli na njia ya kisimani akiwa mtupu. Awe anaswagwa na mtu mmoja au wawili tu mwanzoni. Mzigo wa mgongoni usizidi kilo 50 hivi: madumu mawili, moja kila upande, juu ya tandiko nene. Tunajua wengi hupakia manne. Kilo 80 mgongoni ni nyingi mno. Kwa kiasi hicho tumia mkokoteni uliosawazishwa vema.

Mama huyu aliuliza pia kama aweza kumpanda kwenda kanisani. Tunamjibu kwa upendo: mtu mzima mwenye kilo 70 ni mzito mno kwa punda wetu wa kawaida. Aketi kwenye mkokoteni, au aende kwa miguu mgongo ukiwa umepumzika.

Tuseme neno kuhusu majeraha. Ukiumwa na punda, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo, maana kichaa cha mbwa huwapata punda pia. Teke la tumboni au kichwani lisisubiriwe hata kama hakuna damu, hasa kwa mjamzito. Na tukumbuke pepopunda: vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama, punda wakiwemo. Mama mjamzito amalize chanjo zake, na kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe mavi wala udongo hata kidogo.

Neno la Mungu halikumsahau mnyama huyu. Katika Kutoka 23:5 tunaagizwa tumsaidie punda aliyelala chini ya mzigo, hata akiwa ni wa mtu anayetuchukia. Katika Hesabu 22, Balaamu alimpiga punda wake mara tatu, kumbe mnyama ndiye aliyemwona malaika. Naye Bwana wetu aliingia Yerusalemu akiwa amempanda mwana-punda. Basi majirani wakisema juu ya mateke, waulize kwanza punda huyo alitendewa nini.

Dada mpendwa, fedha za kikundi ni jasho la wenzako pia. Usione haya kurudi nyumbani mikono mitupu mara mbili au tatu. Haraka haraka haina baraka. Ukimpata, waite wenzako mumwombee mnyama na kazi yake, kisha mpe maji kabla hajakuletea ya kwako.

Mungu awabariki hadi mwezi ujao.